Laminati au Mbao Halisi: Namna ya Kuchagua Sakafu ya Nyumba Mpya

Watu wengi huanzia dukani, wameshika vipande viwili vya sampuli wakiuliza kipi kinapendeza zaidi. Swali hilo halifiki mbali, maana laminati nzuri ya siku hizi, yaani bapa la kiwandani lenye picha ya mbao juu yake, humbabaisha hata fundi mpaka apige magoti na kuigusa. Tofauti itakayokugharimu ni nyingine: sakafu ya mbao ikichakaa hutengenezwa, ya laminati ikichakaa hung'olewa. Juu ya hilo, nyumba mpya ina shida ambayo nyumba ya miaka 20 haina. Bado ina maji. Maji ya zege, ya plasta na ya rangi yamo ndani ya kuta na sakafu yakitafuta pa kutokea, na zao lolote la mti utakaloliweka juu yake litayanywa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini ya sakafu. Duka linakuja baadaye.

Hatua ya 1: Pima zege kabla ya kupima mfuko

Zege kukomaa na zege kukauka ni mambo mawili. Siku 28 wanazozitaja wajenzi ni za nguvu ya zege. Kukauka huchukua muda mrefu zaidi: makadirio yanayotumika sana ni mwezi 1 kwa kila milimita 25 za unene, hewa ikipita vizuri. Sakafu ya zege yenye unene wa milimita 100 itahitaji basi miezi 4 hivi, na hesabu inaanza siku paa na madirisha yalipofungwa, si siku zege lilipomwagwa. Mvua moja ya kulowesha inakurudisha nyuma.

Usiamini kiganja cha mkono. Zege huweza kuwa jeupe na kavu juu huku ndani limelowa. Jaribio jepesi ni la nailoni: kata kipande angavu cha mita 1 kwa mita 1, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne bila kuacha tundu, kisha kiache siku 3. Ukikuta matone upande wa ndani, au zege limekuwa jeusi, bado sana. Ukikuta pakavu, usishangilie; jaribio hili linajua kukataa, halijui kuruhusu.

Ruhusa hutoka kwenye kipimo cha ndani. Fundi hutoboa tundu hadi asilimia 40 ya unene (kwenye zege la milimita 100 ni milimita 40), hutumbukiza kihisio, huziba na kusoma baada ya saa 24. Kikomo kinachotumika sana kwa mbao na kwa laminati ni unyevu wa hewa wa 75% ndani ya tundu hilo. Wengine hutumia chupa ya kabaidi: hubomoa kidogo, husaga vipande na kuvichanganya na kabaidi, unga unaotoa gesi ukikutana na maji, ndani ya chupa yenye geji, na kwa zege la saruji husubiri isome 2% ya uzito au chini yake. Waraka wa mtengenezaji ukitaja namba nyingine, fuata waraka, kwa sababu dhamana yote imefungwa humo.

Ukiwa umeinama hapo hapo, pima usawa. Chukua rula ya alumini ya mita 2, ilaze kila upande, na utafute mwanga chini yake. Pengo lisizidi milimita 3. Vilima husagwa, mabonde hujazwa kwa saruji inayojisawazisha. Hapa laminati ni msumbufu kuliko mbao, kinyume na watu wanavyodhani: viungo vyake vya kubana ni meno membamba sana, na sakafu ikiwa na bonde, kila hatua inayakunja kidogo. Hayavunjiki wiki ya kwanza. Huvunjika mwaka wa pili, fundi akiwa ameshabadilisha namba ya simu.

Kipimo cha tatu husahaulika kuliko vyote: unene wa jumla. Laminati ya milimita 8 juu ya tandiko (tabaka laini linalolazwa chini yake) la milimita 2 au 3 inainua sakafu kwa milimita 10 au 11. Mbao nzima ya milimita 20 inayopigiliwa juu ya plaiwudi ya milimita 18 inainua kwa milimita 38. Tofauti hiyo inagusa milango, kimo cha sakafu ya bafu iliyo jirani, na ngazi. Sakafu ya chini ikipanda milimita 38, kidato cha kwanza kinapungua kimo kwa kiasi hicho hicho, na mguu uliozoea vidato vinavyolingana utajikwaa. Kwa hiyo uchaguzi huu ufanywe kabla ya kumwaga tabaka la mwisho la sakafu na kabla ya kufunga milango. Ukiuacha mpaka nyumba iishe, unene wenyewe ndio utakaokuchagulia.

Hatua ya 2: Fahamu kwamba vitu ni vitatu

Dukani vyote huitwa mbao, na wauzaji wengine hawana haraka ya kusahihisha.

Laminati haina ubao. Kiini chake ni nyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi na joto mpaka zikawa bapa zito, linalojulikana kwa herufi HDF. Juu ya bapa imelazwa karatasi iliyochapwa picha ya mbao, na juu ya karatasi kuna ngozi ya melamini yenye chembe za oksidi ya alumini, ambayo ni ngumu mno. Chini kuna karatasi nyingine ya kuzuia bapa lisipinde. Kampuni ya Perstorp ya Sweden ndiyo iliyoibuni miaka ya 1970, na viungo vya kubana bila gundi vilienea mwishoni mwa miaka ya 1990. Ngozi hiyo ikichanika, chini yake kuna picha, na chini ya picha kuna kitu cha rangi ya kahawia. Hakuna cha kupiga msasa.

Mbao nzima ni kipande kimoja cha mti juu hadi chini, kwa kawaida milimita 18 hadi 22, chenye ulimi (ukingo uliochomoza) upande mmoja na mfuo wa kuupokea upande wa pili. Sehemu inayoweza kupigwa msasa ni ile iliyo juu ya ulimi, milimita 6 hivi. Kila msasa mkubwa unakula kati ya nusu milimita na milimita 1.

Mbao za tabaka ni za tatu, na ndizo husababisha mkanganyiko. Uso wake ni mti halisi wa milimita 2 hadi 6, uliobandikwa juu ya plaiwudi ambayo nyuzi zake zimepishana. Mpishano huo ndio unaozuia ubao kutanuka na kusinyaa ovyo. Uso wa milimita 2 ni wa kupiga msasa mwepesi mara moja, na pengine usiguse kabisa. Wa milimita 4 unavumilia mara 2 au 3. Wa milimita 6 unakaribia mbao nzima. Muuzaji akitaja unene wa ubao bila unene wa uso, hajakuambia kitu. Mwombe kipande kilichokatwa, ukipime kwa rula pale pembeni.

Kwa nyumba iliyojengwa juu ya zege, uchaguzi wa kweli mara nyingi ni kati ya laminati na mbao za tabaka. Mbao nzima inadai plaiwudi au mihimili ya kupigiliwa, na haifai kabisa kwenye chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi.

Hatua ya 3: Gawanya nyumba kwa maji na kwa miguu

Usichague sakafu ya nyumba. Chagua ya kila chumba, kisha utazame vingapi vinaweza kulingana.

Bafu, choo na chumba cha kufulia viondoe kwenye orodha. Weka vigae.

Jikoni ndipo ubishi ulipo. Mwagiko wa glasi moja unaofutwa papo hapo hauumizi chochote. Hatari ni mpira wa mashine ya kuoshea vyombo unaovuja usiku kucha, au bomba linalodondosha ndani ya kabati kwa miezi. Laminati ikinywa maji kwenye viungo, kingo zake huvimba na hazirudi. Hata ikikauka, inabaki na matuta. Mbao hupinda, lakini ikikaushwa polepole hurudi kwa kiasi kikubwa, na kinachobaki hupigwa msasa. Laminati iliyoandikwa kwamba inahimili maji kwa saa 24 inazungumzia maji yaliyo juu, kwenye viungo vilivyofungwa vizuri. Haizungumzii maji yanayoingia ukutani ambako ubao umekatwa na kiini kiko wazi, wala yanayopanda kutoka chini. Ukiweka laminati jikoni, jaza ukingo wa ukuta kwa silikoni upande wa sinki, na usiiweke chini ya makabati. Laminati ni sakafu inayoelea: haikufungwa popote, inatanuka na kusinyaa kama mkeka mmoja. Kabati zito likiikandamiza upande mmoja, inavutana na upande wa pili mpaka viungo viachie.

Sebule na ukumbi hupigwa na miguu kuliko vyumba vyote. Kama una nia ya kukaa nyumba hiyo miaka mingi, hapa ndipo fedha ya mbao inaporudi. Kama kuna mbwa mkubwa au watoto wanaoburuta viti, laminati inashinda kwenye mikwaruzo bila ubishi: kucha za mbwa huandika juu ya vanishi ndani ya wiki chache, na juu ya melamini hazifanyi kitu. Lakini sufuria ikidondoka, laminati hubanduka ukingoni, ilhali mbao hubonyea tu.

Vyumba vya kulala havina mambo mengi, laminati inatosha. Kwenye ghorofa fikiria sauti, kwa kuwa sakafu inayoelea hulia kama ngoma mtu akipita na viatu. Tandiko la kizibo au la mpira hupunguza sauti hiyo. Sponji nyembamba ya bei ya chini haipunguzi. Ngazini weka mbao. Laminati huwekwa pia, ila kila ncha ya kidato inadai kipande chake cha pembeni kilichogundishwa, na ndicho huachia kwanza.

Sakafu yenye mabomba ya kupasha joto inapokea laminati na mbao za tabaka. Joto la uso lisizidi nyuzi 27 za Selsiasi, na ukinzani wa joto wa ubao pamoja na tandiko usipite 0.15 m²K/W. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi.

Hatua ya 4: Soma boksi la laminati

Tafuta kwanza herufi AC na namba yake, kuanzia AC1 na kuendelea. Kipimo hiki cha Ulaya hueleza ngozi inahimili kusuguliwa kiasi gani. Kando yake huwepo namba ya matumizi yenye tarakimu mbili: ikianza na 2 ni ya nyumbani, ikianza na 3 ni ya biashara, na tarakimu ya pili inapanda kadiri kazi inavyozidi. AC3 hulingana na 23 au 31, na inatosha vyumba vya kulala. Sebuleni na kwenye ukumbi chukua AC4, yaani 32. AC5 ni ya maduka. Nyumbani unalipia kitu ambacho hutakitumia.

Namba ya AC ina kasoro yake: haisemi lolote kuhusu maji wala kuhusu kiini. Laminati ya AC5 inaweza kuwa na kiini dhaifu. Kiini ukipime mwenyewe. Omba kipande cha sampuli, kikate upana wa vidole viwili, pima unene wake kwa venia (koleo la kupimia unene), kisimamishe ndani ya glasi ya maji kwa saa 24, kisha ukipime tena mahali pale pale. Fanya hivyo kwa sampuli 3 au 4 pamoja. Tofauti huonekana kwa macho: moja itakuwa imevimba kidogo, nyingine itakuwa imefumuka kama mkate. Jaribio hili la usiku mmoja linakueleza mengi kuliko kabrasha zima la muuzaji.

Unene wa milimita 8 ndio wa kawaida. Milimita 10 au 12 hutoa sauti nzito zaidi mguuni na huvumilia sakafu yenye dosari ndogo, lakini hauongezi uhai wa ngozi hata kidogo. Milimita 6 iache.

Angalia pia idadi ya picha. Laminati duni ina michoro michache inayojirudia, na ukishakiona kifundo kile kile mara tatu katika chumba kimoja, hutaacha kukiona tena. Fungua maboksi 3 na utandaze mbao zake sakafuni dukani. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu.

La mwisho kwenye boksi ni gundi. Tafuta alama E1 au kiwango kikali zaidi cha formaldehaidi, gesi inayotoka kwenye gundi, hasa kama mtahamia nyumba ikiwa bado imefungwa madirisha.

Hatua ya 5: Soma mbao

Mti hutanuka na kusinyaa kwa upana, karibu hautikisiki kwa urefu. Mwaloni mwekundu uliopasuliwa kwa njia ya kawaida hubadilika upana kwa takribani 0.37% kwa kila nukta 1 ya unyevu ndani ya ubao. Chukua ubao wa milimita 125 ulioletwa ukiwa na unyevu wa 12%, kisha nyumba ikaukaushe hadi 8%. Nukta 4 mara 0.37% mara milimita 125 ni milimita 1.85. Ufa wa karibu milimita 2 kila ubao! Katika chumba cha upana wa mita 5 mna mbao 40, yaani zaidi ya sentimita 7 za mwendo unaotafuta pa kwenda.

Hesabu hiyo inafundisha mambo kadhaa. Ubao mwembamba wa milimita 70 hutoa nyufa ndogo nyingi ambazo jicho halizioni. Ubao mpana wa milimita 180 hutoa chache zinazomeza sarafu. Ubao mpana unaopendwa sasa hivi basi uwe wa tabaka. Kuna pia namna mti ulivyopasuliwa. Tazama kichwa cha ubao: mistari ya ukuaji ikiwa imelala, huo ni mpasuo wa kawaida, ikiwa imesimama wima, ni mpasuo wa robo, na mwaloni mwekundu wa aina hiyo hubadilika kwa 0.16% tu kwa nukta. Ni ghali zaidi na unastahili.

Ugumu wa mti hupimwa kwa kipimo cha Janka, ambacho ni nguvu inayotakiwa kuzamisha nusu ya gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28. Mwaloni mwekundu ni kama nyutoni 5,700, mwaloni mweupe 6,000, walnati nyeusi 4,500, na misonobari laini haifiki 2,000. Chini ya 4,500 tarajia alama za visigino na miguu ya viti. Lakini usinunue mti mgumu kupindukia ukidhani hautakwaruzika. Mikwaruzo ya kila siku iko kwenye vanishi, si kwenye mti.

Daraja la mbao, yaani safi au yenye vifundo, linahusu sura tu. Mbao zenye vifundo zina nguvu za kutosha sakafuni na hubeba uchafu wa maisha bila kuonyesha. Urefu ndio wa kuulizia: pakiti iliyojaa vipande vya sentimita 40 huipa sakafu sura ya viraka.

Mipako ni miwili. Vanishi ya poliurethani hutengeneza ngozi juu ya mti. Ni rahisi kusafisha, ila ikichubuka mahali pamoja, kuipaka pale tu huacha baka, na mara nyingi chumba kizima husagwa. Mafuta ya nta huingia ndani ya mti. Hudai kupakwa upya kila baada ya muda, lakini doa dogo unalisugua na kulipaka mwenyewe jioni moja. Kwa nyumba yenye watoto, mafuta yana faida ambayo wauzaji hawaitangazi sana.

Hatua ya 6: Piga hesabu yote

Bei ya mita ya mraba ndiyo namba inayodanganya kuliko zote. Kwa laminati jumlisha tandiko, nailoni ya kuzuia unyevu, skatingi (ubao mwembamba unaozungushiwa chini ya kuta), vipande vya mlangoni, ufundi, na gharama ya kuing'oa siku yake ikifika. Kwa mbao jumlisha plaiwudi au gundi, misumari, msasa na mipako ya kwanza kama imekuja ghafi, na msasa mmoja kila baada ya miaka kadhaa. Kisha gawanya kwa miaka unayotarajia kuishi humo. Laminati ya kati inakuwa na hali nzuri miaka 10 hadi 20 ikiwa maji hayajaifikia. Mbao nzima, yenye misasa minne au mitano ndani yake, huzidi umri wa aliyeinunua. Ukijua utahama baada ya miaka 6, hesabu ya mbao haifungi, na hakuna aibu kuchagua laminati.

Kiasi cha kununua: eneo la chumba ongeza 10% kwa mbao zilizonyooka, 15% kama zinalazwa kwa mshazari au kwa nakshi ya mifupa ya samaki. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Ukiongeza 10% ni 22. Boksi likiwa na 2.2 unanunua maboksi 10, ongeza 1 la akiba. Yote yawe ya namba moja ya uzalishaji.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya safu. Chumba kina upana wa sentimita 346. Toa sentimita 1 kila upande ya kutanuka, zinabaki 344. Ubao una sentimita 19: safu 18 nzima ni 342, na ya mwisho itakuwa utepe wa sentimita 2, usiobanika wala kukatika vizuri. Tumia safu 17 nzima, sentimita 323, na zile 21 zilizobaki uzigawe mara mbili: safu ya kwanza na ya mwisho ziwe sentimita 10.5 kila moja. Safu ya ukingoni isipungue sentimita 5.

Hatua ya 7: Leta mzigo kwa wakati wake

Sakafu huingia mwisho. Plasta, vigae na rangi ya kwanza ya kuta viwe vimekwisha, madirisha yamefungwa, na nyumba imekaa siku kadhaa katika hali ya hewa mtakayoishi nayo.

Laminati hulazwa bapa ndani ya boksi lake lililofungwa, katikati ya chumba, kwa saa 48. Mbao hazina idadi ya siku, zina namba. Toa ubao 1 au 2 kutoka kila pakiti na uzipime kwa kipima unyevu cha pini, kisha pima plaiwudi. Kwa mbao zilizo chini ya milimita 75, tofauti isizidi nukta 4. Kwa pana zaidi ya hapo, nukta 2. Zikifika mapema, anza. Zisipofika kwa wiki tatu, nyumba bado imelowa, na kuziacha humo ndani kunazinywesha tu. Hilo ndilo kosa kubwa la nyumba mpya: mbao zilizokaushwa vizuri kiwandani huletwa mapema "zizoee", zinazoea unyevu wa plasta, zinapigiliwa zikiwa zimevimba, na nyufa hujitokeza miezi michache baadaye watu wakishahamia.

Hatua ya 8: Simamia sehemu ambazo fundi hukata kona

Juu ya zege, tandaza nailoni ya angalau milimita 0.15, ipishane sentimita 20, ibandikwe utepe na ipande kidogo ukutani. Tandiko la laminati liwe moja tu. Wanaoweka mawili ili sakafu iwe laini wanavunja viungo kwa mikono yao, na laminati iliyokuja na tandiko lake chini haiongezewi lingine.

Nafasi ya kutanuka ni milimita 8 hadi 10 kwa laminati, 12 hadi 19 kwa mbao nzima. Iachwe kwenye kuta, na pia kwenye mabomba, nguzo na miimo ya milango, ambako husahaulika. Miimo hukatwa chini kwa msumeno ili ubao upite chini yake. Kwa laminati, mlango kati ya vyumba, na sakafu inayoendelea bila kukatwa kwa zaidi ya mita 8 hivi, hudai ukanda wenye umbo la T wa kuacha nafasi ya kutanuka. Wenye nyumba huuchukia kwa sura yake na kumshawishi fundi auache. Skatingi ipigiliwe ukutani, isiguse sakafu.

Viungo vya vichwa vipishane angalau sentimita 30 kwenye laminati. Mbao nzima hupigiliwa kupitia ulimi kila sentimita 20 hadi 25, na sentimita 5 hadi 8 kutoka kila kichwa. Misumari ikiwa michache, sakafu italia usiku.

Ukiona kasoro, isome kabla ya kumwita mtu. Laminati iliyoinuka kama hema katikati ya chumba imebanwa ukutani: ondoa skatingi, kata mahali inapogusa, nayo itashuka. Kingo zilizovimba kwenye viungo ni maji ya juu, mara nyingi ya deki iliyolowa chapachapa au ya mashine ya mvuke. Mbao zilizoinua kingo na kuzama katikati zimepata unyevu kutoka chini. Tafuta chanzo, kausha, na usipige msasa mpaka vipimo vitulie. Anayesaga haraka hukata zile kingo zilizoinuka, kisha ubao ukikauka na kunyooka unabaki na mgongo katikati, na sasa ana kasoro ya pili aliyojitengenezea.

Vanishi ya maji huruhusu kutembea kwa soksi baada ya saa 24 na kurudisha samani baada ya siku 3 hivi. Zulia lisubiri wiki 2. Samani zipate vitambaa vya manyoya chini ya miguu siku hiyo hiyo zinapoingia. Boksi la akiba lilaze bapa mahali pakavu, uandike juu yake chumba, namba ya uzalishaji na, kama ni mbao, jina la vanishi au mafuta yaliyotumika. Michoro ya laminati huacha kutengenezwa bila taarifa.